Ngoma Yenye Chuo, na Mgeni Aitwaye Marimba

Kwetu pwani neno "chuo" lina heshima yake. Zamani mtoto akiulizwa atokako, naye akajibu "natoka chuoni," hapakuwa na mtu aliyedhani ametoka kwingine isipokuwa kwa maalimu, juzuu kwapani na alama za mkeka magotini. Baadaye vikaja vyuo vya ualimu, vya ufundi na vyuo vikuu, na vyote tukavipa jina lile lile tulilolijua. Ama ngoma, hiyo haikuwa na chuo. Ngoma ilikuwa na uwanja, na arusi, na mbalamwezi. Ilikuwa pia na watu wake, ambao tuliwaita kuja kutuchangamshia harusi zetu, na asubuhi yake tukawataja kwa pembe ya mdomo: "Ah, wale! Watu wa ngoma wale."

Basi fikiria, ndugu msomaji, mshangao ulionipata mwezi wa Februari, mwaka 2023, nilipokuwa mgeni wa mpwa wangu katika mji mmoja mdogo wa jimbo la Illinois, Marekani. Ulikuwa mwezi wa Rajabu, na theluji ilikuwa imelala juu ya mapaa kama chokaa mpya. Kijana yule, mtoto wa dada yangu, husomea uhandisi huko. Jioni moja aliniambia:

"Mjomba, vaa koti, nikupeleke ukasikize ngoma."

"Ngoma ya nani tena katika baridi hii?"

"Ya chuoni, Mjomba. Wanafunzi wa ngoma wana onyesho lao leo. Na yuko bibi mmoja mgeni, aja kupiga marimba."

Nikamwuliza wanafunzi wa ngoma ni wanafunzi wa namna gani. Akanijibu kuwa ni watu wanaosoma miaka minne, wakafanya mtihani, na mwisho wakapewa shahada kama atakavyopewa yeye. Nikacheka hata miwani ikanianguka. Kucheka kule nitakujutia kabla makala haya hayajesha.

Tulisali isha kwanza, kisha tukatoka. Wala sitaki kuwaficha wasomaji wangu kwamba niliingia katika ukumbi ule na wasiwasi kidogo. Nimesomeshwa na masheikh ambao hawakupenda kusikia mlio wa ngoma karibu na msikiti. Lakini nimesomeshwa pia kwamba tari lilipigwa katika zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, siku za arusi na siku za Idi. Na nani katika sisi asiyejua habari za Habib Swaleh wa Lamu, aliyeyaingiza matari katika maulidi, wakamteta waliomteta, na leo watu husafiri kutoka pande zote za mwambao kwenda kuyasikiliza maulidi yale yale pale Riyadha? Mwenye kutaka fatwa na aende kwa wenye ilimu. Mimi ni mtunzi wa mashairi, na sikio la mtunzi halina budi kwenda palipo na mizani.

Jukwaa lilikuwa limejaa ala zisizo na uzi wala mdomo wa kupuliza: ngoma kubwa na ndogo, matuazi, tasa za shaba, kengele, vipande vya mbao, kayamba za namna namna, na fuawe kama ile ya mhunzi. Vijana kumi na watatu, wanaume kwa wanawake, walitoka wamevaa nguo nyeusi, wakasimama kila mmoja penye ala zake. Hapana aliyecheka wala kutupa jicho kwa watazamaji. Wallahi, niliwakumbuka maimamu wa tarawehe wanaposimama kungoja safu zinyooke.

Kipande cha kwanza kiliitwa Ionisation, kilichotungwa na Mfaransa Edgard Varèse, aliyehamia Marekani. Kilipigwa hadharani mara ya kwanza New York mwaka 1933, na ni katika vipande vya mwanzo kabisa, kwa muziki wa kizungu wa ukumbini, kuandikiwa ala za kugongwa karibu peke yake. Kabla ya hapo mpiga ngoma katika okestra zao alikuwa mtu wa nyuma, akae kimya nusu saa, agonge mara mbili, akae tena. Varèse akamleta mbele. Katika kipande kile mna hata ving'ora viwili, kama vile vya zimamoto, vinavyopanda na kushuka polepole. Mwanzoni nilidhani ni fujo. Lakini nilipofumba macho nikasikia kuwa hapana pigo lililopotea njia: ngoma moja yauliza, nyingine yajibu, ya tatu yaingia kati kama mzee wa mtaa kuwasuluhisha.

Nilipofumbua macho ndipo nilipoona jambo lililonichoma. Mbele ya kila kijana palikuwa na karatasi. Yule wa ngoma ndogo, mfano wa ile ya beni, alikuwa akiitazama karatasi yake kama vile msomaji wa maulidi anavyokitazama kitabu cha Barzanji. Pigo la ngoma lilikuwa limeandikwa!

Hapo ikanijia sura ya mtu mmoja aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Sitamtaja jina, kwa heshima ya watoto wake. Alikuwa fundi wa msondo katika mtaa wetu. Wajuao chakacha watanielewa: vumi hukaa chini na kushika mwendo, chapuo huchachamaa katikati, na msondo, ngoma ndefu, ndiyo isemayo. Mzee huyu alikuwa akiusemesha msondo hata bibi arusi ndani ya nyumba ajue ni nani aliyeingia uani. Mwaka 1998 alinijia barazani kwangu, akaketi, akanywa kahawa kikombe cha kwanza na cha pili bila ya kusema neno. Kisha akasema:

"Mwanangu, wewe waandika mashairi yakasomwa Mombasa na Unguja. Hebu niandikie na mimi mapigo yangu. Yako kumi na mbili niliyopokea kwa baba, na vijana hawayataki."

Nikamjibu kwa kicheko, "Mzee wangu, ngoma haiandikwi. Ngoma husikizwa."

Hakunibishia. Alimaliza kahawa yake, akaniombea dua, akaondoka. Alifariki mwaka 2009. Msondo wake uliangikwa ukutani hata ngozi ikapasuka kwa joto la jikoni. Katika yale mapigo kumi na mbili, mkwewe anakumbuka matatu, nayo huyatamka kwa mdomo tu. Na mimi niliyesema ngoma haiandikwi nilikuwa nimeketi ng'ambo ya bahari mbili, naitazama imeandikwa, inasomwa, na kupigwa na watoto ambao hawakuwahi kumwona aliyeitunga.

Kipande cha pili kilinituliza kidogo. Wanafunzi watano walisimama nusu duara, kila mmoja ana vipande viwili tu vya mti mkononi. Mmoja akaanza kugonga, ko-ko-ko-ko, mwendo mmoja, hakuongeza wala hakupunguza. Wa pili akaingia na mpangilio wake, wa tatu akajenga wake pigo baada ya pigo, na wa nne, na wa tano, hata vijiti kumi vikawa kama mvua juu ya mabati. Mtungaji wake ni Mmarekani Steve Reich, na kipande ni cha mwaka 1973. Bwana huyu alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe kwa fundi wao, na aliporudi kwao akasema kuwa aliyoyaona huko yamemthibitishia njia aliyokuwa akiipapasa. Yaani profesa alikwenda kwa mtu wa ngoma, akaketi chini, akawa mwanafunzi.

Mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, wanahesabuje wale bila ya kupotea?"

Nikamjibu, "Kama nilivyohesabu mimi madda kwa maalimu." Kwani nani aliyepita chuoni asiyekumbuka? Madda ya asili ni harakati mbili, nyengine nne, nyengine sita, na mwanafunzi hukunja kidole kimoja kimoja ili asizidishe wala asipunguze, na bakora ya maalimu iko tayari kumkumbusha. Hali kadhalika utunzi wa mashairi: mizani nane na nane, na ikizidi moja, sikio la mjuzi laumia hata kama hakuhesabu. Mimi na vijana wale tumefunzwa hesabu ile ile. Sisemi Korani na ngoma ni mamoja, Mungu aniepushe. Nasema hesabu haidharauliwi popote ilipo.

Baada ya mapumziko akatoka mgeni wa usiku ule. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye vijiti vinne mikononi, viwili kila mkono, vichwa vyake vimeviringwa uzi wa sufu. Mbele yake ilikuwa marimba ndefu kuliko kitanda cha samadari, yenye safu mbili za vibao vya mti mwekundu, na chini ya kila kibao mrija wa madini. Wengine ukumbini walikuwa wakilitamka jina lake kwa ulimi mzito: "ma-riim-ba." Mimi nikatabasamu. Neno lile halikuhitaji tafsiri kwangu. Wanazuoni wa lugha wamekubaliana kuwa ni neno la Kibantu, na "ma" yake ya mbele ni ile ile ya mawe na majani.

Wasomaji wetu pengine watapenda kujua mgeni huyu wa mti alipita wapi. Padri Mreno aitwaye João dos Santos, aliyekaa Sofala na bara yake mwishoni mwa karne ya 16, aliandika katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1609 juu ya ala ya vibao na vibuyu aliyoiona ikipigwa mbele ya mfalme wa huko. Sofala hiyo ndiyo ile iliyokuwa chini ya masultani wa Kilwa, na dhahabu yake ndiyo iliyojenga majumba ya Kilwa. Kusini yake Wachopi wa Msumbiji hata leo wanaunda timbila zao kwa vibuyu, na kila kibuyu hutobolewa na kubandikwa utando mwembamba ili sauti ivume. UNESCO iliitangaza timbila kuwa hazina ya wanadamu mwaka 2005. Jirani zetu Waganda wana amadinda ya vibao kumi na viwili, ambayo watu watatu huipiga pamoja, kila mmoja akitia pigo lake katika mwanya wa mwenziwe.

Watumwa wa Kiafrika waliovushwa Atlantiki hawakuruhusiwa kuchukua mizigo, lakini ujuzi haukaguliwi na forodha. Wakaiunda upya Amerika ya Kati kwa miti waliyoikuta. Huko Guatemala ikapendwa hata mwaka 1978 ikatangazwa kwa sheria kuwa ala ya taifa. Mwishoni mwa karne ya 19 mafundi wa huko na wa Chiapas, Mexico, wakaiongezea safu ya pili ya vibao ili ipate sauti zote za piano. Kisha kiwanda cha Deagan, Chicago, kikaondoa vibuyu na kutia mirija ya madini. Baadaye Mjapani, Bibi Keiko Abe, aliyezaliwa mwaka 1937 na kuijua marimba kwa wamisionari wa Kimarekani, akashirikiana na mafundi wa Yamaha hata ikafika oktavu tano. Hivyo ala iliyotoka kwetu na vibuyu ilinijia Illinois na mirija, imezunguka dunia, imevaa nguo za ugenini. Lakini jina haikubadili.

Bibi yule alipiga kipande cha Mbrazili Ney Rosauro, alichokitunga mwaka 1986 kwa ajili ya marimba na okestra, na ambacho huweza kupigwa na kikundi cha ala za kugongwa badala ya okestra. Kina sehemu nne: salamu, maombolezo, ngoma na kuagana. Nilipousoma mpangilio huo katika karatasi ya onyesho nikasema moyoni, mtu huyu kama amewahi kuhudhuria arusi zetu, kwani hata arusi njema ina salamu zake, na machozi ya mama, na ngoma, na kuagana mlangoni.

Katika salamu vijiti vyake vilikuwa vikiruka kama samaki waliofadhaishwa na taa ya karabai. Wanafunzi nyuma yake waliitikia kwa ngoma na kengele, hawakumpita wala hawakumwacha. Katika maombolezo aliteremka kwenye vibao vya chini, vile virefu. Sauti ya mti haidumu, ikigongwa hufa papo hapo, kwa hiyo mpigaji akitaka idumu hana budi kugonga upesi upesi sana, kijiti hiki na kijiti kile, hata masikio yasione mwanya. Sauti ile ndefu niliyodhani ni moja ilikuwa mapigo mengi yanayopokezana. Nikakumbuka mapigo kumi na mawili ya mzee wangu, jinsi yalivyopokewa kutoka kwa baba, na baba kwa babu, bila ya mwanya kuonekana, hata yakafika kwangu nami nikacheka. Mwanya ulikuwa mimi.

Mpwa wangu aliniona nikipangusa miwani. Kijana mwenye adabu yule, hakuniuliza neno.

Onyesho lilipokwisha watu walisimama wakapiga makofi kwa muda mrefu. Nami nikaenda hadi jukwaani, nikamwomba yule kijana wa ngoma ndogo anionyeshe karatasi yake. Alinionyesha kwa furaha. Mstari wa ngoma ile haukuwa na ngazi za sauti, ila nukta zenye mikia, na alama za pigo zito na pigo jepesi, na mahali pa kunyamaza. Naam, hata kunyamaza kumeandikiwa alama yake. Nikamwuliza imemchukua muda gani kujifunza kusoma hivi. Akasema, "Kuanza ni wiki chache. Kuipiga vizuri, bado najifunza." Wiki chache! Na mzee wangu aliishi miaka kumi na moja baada ya kunywa kahawa yangu.

Jambo jingine nililojua usiku ule ni kwamba wenzetu hawa nao hawakuanza zamani. Katika jimbo lile lile, Chuo Kikuu cha Illinois ndicho kinachohesabiwa kuwa cha kwanza Marekani kuyafanya mafunzo ya kikundi cha ala za kugongwa kuwa somo lenye alama za mtihani, mwaka 1950, chini ya mwalimu Paul Price. Kabla ya hapo huko nako mpiga ngoma hakuwa mtu wa kuandikiwa cheti. Kwa hiyo heshima hii haikuteremka kutoka mbinguni. Mtu alikaa akasema, "Hili nalo ni somo," akalitia katika ratiba, akalitafutia chumba.

Wala mwambao wetu haukulala wote. Bagamoyo kina chuo cha sanaa tangu mwaka 1981 ambapo ngoma na marimba hufunzwa. Unguja kina Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambacho kimefunza vijana wengi taarabu, kidumbaki na ngoma. Sisi upande huu wa Kenya tuna vyuo vikuu Kilifi na Mombasa, na tuna vijana wenye simu zinazoweza kunasa sauti kwa usiku kucha. Lakini wapiga vugo wa Lamu, kina mama waijuao pembe ya nyati na kijiti chake, wanazidi kupungua. Wapiga zumari wahesabika kwa vidole. Kila mmoja wao anapozikwa, twasema innalillahi, twala khitma, na kesho yake twakodi mashine ya muziki kwa ajili ya arusi.

Nasikia wengine wakisema, "Acha zife, ni mambo ya upuuzi." Mwenye kusema hivyo kwa dini namheshimu, na ninajua mipaka ilipo. Lakini huyo huyo arusi ya binti yake ataleta kipaza sauti chenye nyimbo ambazo hata maneno yake hayajui. Kama pigo litakuwapo, na liwe lile tunalolijua lilikotoka.

Nimerudi nyumbani. Mkwewe marehemu tumekwisha kaa naye mara sita, yeye akitamka, mimi nikiandika nukta na mikia kwa mkono usio na uzoefu. Mapigo mawili yamekwisha kukaa karatasini, la tatu bado labishana nasi. Tisa yamekwenda na mwenyewe, na hayo hakuna chuo kitakachoyarudisha. Kwa mwenye babu, au bibi, au jirani ajuaye kupiga kitu, nasema nenda leo kabla ya kahawa kupoa. Na kwa marehemu mzee wangu, aliyeniombea dua nami nikamcheka, natoa ubeti huu, nikitaraji ataukubali kuwa ni toba:

Fundi alinililia, niandike lake goma,
Kwa kucheka nikambia, ngoma haina kusoma,
Leo ndipo najutia, mkononi na kalama,
Msondo hautalia, na mwenyewe kishahama.